Sura ya Sita: Je, Kusubiri Moto Nako ni Kazi?

Swali hili linarudi kila mara, kwenye kijiwe cha kahawa, ndani ya daladala, hata chini ya turubai la msiba: "Wale zimamoto wanashinda kituoni wakicheza drafti, usiku wanalala kama sisi. Sasa wakisema wamechoka na wanadai malipo ya ziada, wamechoshwa na nini?" Wa kwanza hajamaliza, wa pili anadakia kuhusu dereva wa gari la wagonjwa anayeonekana amejinyoosha kwenye kiti. Wa tatu anamtaja nesi aliyemkuta amelaza kichwa mezani saa 9 usiku.

Silichukulii swali hili kuwa dharau. Anayeuliza ni mlipa kodi, na pengine aliwahi kuona nyumba ya jirani ikiteketea gari likiwa bado njiani. Ana haki ya kujibiwa. Jibu langu nalitoa mapema: ndiyo, kusubiri dharura ni kazi. Na mahali ambapo mhudumu wa dharura anafanya kazi saa nyingi mno wiki baada ya wiki, tatizo halianzii kwake. Linaanzia kwenye nafasi za ajira ambazo hazikujazwa, na atakayelipia pengo hilo ni majeruhi.

Tuelewane kwanza kuhusu maneno matatu. Wahudumu wa dharura ni wale wanaofika mwanzo mtu anapoomba kuokolewa: askari wa zimamoto na uokoaji, polisi, dereva na muuguzi wa gari la wagonjwa, pamoja na madaktari na wauguzi wanaompokea majeruhi mlangoni mwa hospitali. Zamu ni kipindi ambacho mtu anawajibika kuwepo kazini hadi amkabidhi mwenzake. Saa za ziada, ambazo wengi tunaziita ovataimu, ni zile zinazozidi saa ambazo sheria au mkataba umezitaja kuwa za kawaida.

Mlinzi halipwi kwa idadi ya wezi

Mlinzi wa getini hulipwa kwa usiku aliokesha. Hakuna mwajiri anayemwambia mwisho wa mwezi, "Mwezi huu hakuja mwizi hata mmoja, kwa hiyo huna mshahara." Tunaelewa bila kufundishwa kwamba kinachonunuliwa ni kuwepo kwake. Kwa zimamoto tunasahau, labda kwa sababu mlinzi tunamwona kila tunapoingia nyumbani, na zimamoto tunawaona siku ya balaa tu.

Halafu, zamu tulivu si zamu tupu. Askari anapoingia anakagua gari, maji ya tangi, mafuta, mipira ya kurushia maji na mitungi ya hewa ambayo ikiwa na hitilafu itamuua ndani ya moshi. Kuna mazoezi, kuna ukaguzi wa majengo, kuna shule na masoko ya kwenda kutoa elimu. Baada ya hapo, kweli, kuna drafti. Lakini anayecheza drafti kituoni hawezi kwenda kumchukua mtoto shuleni, hawezi kufungua duka lake, hawezi kunywa bia moja, wala hawezi kuoga kwa raha akijua kwamba kengele inaweza kulia akiwa na sabuni mwilini. Muda ule ameuuza.

Mahakama zimelichambua jambo hili kwa miaka mingi, na kesi kadhaa ni nzuri kuzisimulia.

Mwaka 1944 Mahakama Kuu ya Marekani ilisikiliza madai ya wafanyakazi saba wa kiwanda cha nyama cha Swift huko Fort Worth, Texas. Mchana walikuwa na kazi zao za kawaida. Usiku, mara tatu au nne kwa wiki, walitakiwa kubaki kiwandani au karibu nacho ili waitikie kengele ya moto. Walipewa ukumbi wenye vitanda na meza za michezo. Malipo yao ya ziada yalihesabiwa kwa kengele: kila walipoitikia walipata senti 50, baadaye zikapandishwa kuwa 64. Usiku ambao kengele haikulia hawakupata kitu. Mahakama ya chini ilisema kusubiri namna hiyo hakuwezi kuwa kazi. Mahakama Kuu ikakataa: kusubiri kunaweza kuwa kazi kamili, na inategemea makubaliano yalikuwa yapi na mtu alifungwa kiasi gani. Siku hiyohiyo mahakama iliwapa haki wazimamoto wa kiwanda cha sabuni huko Chicago, ambao mwajiri wao alidai kwamba muda wa kukaa wakicheza karata haulipiki.

Ulaya swali lilifika na kitanda chake. Daktari mmoja wa hospitali ya mji wa Kiel, Ujerumani, alikuwa akishika zamu za kuitwa akiwa ndani ya hospitali, amepewa chumba cha kulala. Saa alizolala zilihesabiwa na mwajiri kuwa mapumziko. Mwaka 2003 Mahakama ya Haki ya Ulaya ilisema hapana. Maadamu anatakiwa awe hapo hospitalini, saa zote ni za kazi, hata zile alizofumba macho.

Kesi ninayoipenda zaidi ni ya mzimamoto wa kujitolea wa mji wa Nivelles, Ubelgiji. Yeye alisubiri nyumbani kwake, si kituoni, ila sharti lilikuwa akipigiwa simu afike kituoni ndani ya dakika 8. Hebu fikiria dakika 8 zinakuruhusu kufanya nini. Huwezi kwenda sokoni upande wa pili wa mji. Huwezi kukubali mwaliko wa harusi. Huwezi hata kumwogesha mtoto bila kujiuliza utamwacha na nani. Mwaka 2018 mahakama ileile ilisema kusubiri kwa masharti hayo ni muda wa kazi, japokuwa mtu yupo sebuleni kwake. Kiwango cha malipo iliiachia sheria ya nchi husika.

Miaka mitatu baadaye mahakama hiyo iliamua madai yanayofanana na hayo ya mzimamoto wa muda wa Dublin, Ireland. Naye alitakiwa afike haraka, dakika 10 zikiwa ndiyo mwisho. Tofauti ni kwamba aliruhusiwa kuendesha teksi yake wakati wa kusubiri, na hakulazimika kuitikia kila wito. Mahakama ikaona uhuru wake ulikuwa mkubwa kiasi kwamba kusubiri kwake hakukuwa muda wa kazi.

Ukiziweka kesi za Nivelles na Dublin pamoja unapata kipimo ambacho yeyote anaweza kukitumia: uliza mtu anayesubiri amebakiwa na uhuru gani. Kitumie hapa nyumbani. Mpango wa m-mama nchini Tanzania, ambao mjamzito au mzazi mwenye dharura anaitiwa usafiri kwa namba 115, unawatumia pia madereva wa jamii, yaani watu wa kawaida wenye magari waliokubali kuitwa, wakalipwa kwa safari. Dereva anayeendelea na shughuli zake na anayeweza kusema "leo siwezi" yuko karibu na yule wa Dublin. Siku atakapoambiwa asiondoke kijijini, asizime simu na asibebe abiria wengine usiku kucha, atakuwa amehamia Nivelles, na malipo ya safari peke yake hayatakuwa haki.

*Kwa ufupi: anayesubiri dharura ameuza uhuru wake kwa muda huo. Kadiri alivyofungwa zaidi, ndivyo kusubiri kwake kunavyokuwa kazi zaidi.*

Saa 17 bila usingizi

Tuache mahakama, tuje kwenye mwili, maana hapa ndipo suala linapoacha kuwa la fedha na kuwa la uhai.

Chukua mtu aliyeamka saa 12 asubuhi. Kufika saa 5 usiku amekuwa macho kwa saa 17. Mwaka 1997 watafiti wa Australia waliwapima watu waliokesha na watu waliokunywa pombe kwa jaribio lilelile la wepesi wa mkono na jicho. Waliokaa macho saa 17 walikuwa wazito kama mtu mwenye asilimia 0.05 ya pombe kwenye damu, kiwango ambacho nchi nyingi hazikuruhusu kushika usukani. Walipofikisha saa 24 walikaribia asilimia 0.10, yaani juu ya kiwango cha 0.08 ambacho kingekuingiza matatani hata nchi zenye sheria legevu.

Sasa mweke mtu huyo kwenye usukani wa gari la zimamoto lenye tani za maji, king'ora kinalia, taa nyekundu anazipita, bodaboda zinachomoka kushoto na kulia. Trafiki ana kifaa cha kupima pombe. Cha kupima usingizi hana.

Kuna mambo mawili yanayozidisha hatari. La kwanza ni saa ya mwili, mpangilio wa ndani unaotuambia lini tulale na lini tuamke. Hauzimwi na nidhamu wala na ukali wa mkuu wa zamu. Kati ya saa 9 na saa 11 alfajiri joto la mwili linashuka, umakini unapungua, na hata aliyelala mchana vizuri anapungukiwa. La pili ni mzubao wa kuamka. Mtu aliyeshtuliwa kutoka usingizi mzito anaweza kutembea, kuvaa na hata kujibu, lakini akili yake inachukua muda kukaa sawa, mara nyingi dakika 15 hadi 30. Kengele ya moto haimpi dakika hizo. Ndani ya dakika moja au mbili anatakiwa awe amevaa na gari linatoka.

Ndiyo maana sikubali hoja ya "si wanalala?" Usingizi unaokatwa mara tatu kwa usiku hauhesabiki kama usingizi wa nyumbani. Saa zinazokosekana zinajilimbikiza kuwa deni la usingizi, na usiku mmoja wa kulala fofofo haulilipi lote.

Hospitalini matokeo yamepimwa. Mwaka 2004 watafiti wa Boston waliwalinganisha madaktari wa mafunzo kwa vitendo katika wodi za wagonjwa mahututi: wakiwa kwenye ratiba ya zamani yenye zamu za saa 24 na zaidi, na wakiwa kwenye ratiba iliyoziondoa zamu hizo. Chini ya ratiba ya zamani makosa makubwa ya kitabibu yalizidi kwa asilimia 36. Madaktari walikuwa walewale, wenye elimu ileile. Kilichobadilika ni ratiba.

Mwili wa mhudumu mwenyewe nao unalipa. Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kazi Duniani yalikadiria mwaka 2021 kwamba anayefanya kazi saa 55 au zaidi kwa wiki ana uwezekano wa kupata kiharusi ulio juu kwa asilimia 35, na wa kufa kwa maradhi ya moyo ulio juu kwa asilimia 17, akilinganishwa na anayefanya saa 35 hadi 40. Vifo vilivyotokana na saa ndefu za kazi kwa mwaka 2016 peke yake vilikadiriwa kuwa 745,000. Kwa zimamoto moyo ndio adui mkubwa kuliko wengi wanavyodhani: karibu asilimia 45 ya wazimamoto wa Marekani waliofia kazini hawakuuawa na moto wala kuta zilizoanguka. Waliuawa na maradhi ya moyo. Na mwaka 2022 kitengo cha utafiti wa saratani cha Shirika la Afya Duniani kiliiweka kazi ya zimamoto kwenye kundi la kwanza la visababishi vya saratani. Kila saa ya ziada kwenye tukio ni moshi wa ziada kifuani.

Hesabu ya kiti kimoja

Naomba uvumilie tarakimu kidogo, kwa sababu hapa ndipo viongozi wengi wanapopotea, au wanapojifanya wamepotea.

Mwaka una saa 8,760. Kiti kimoja cha gari la zimamoto kinatakiwa kiwe na mtu kwa saa zote hizo, Idi, Krismasi na usiku wa mwaka mpya. Mtu mmoja anayefanya saa 45 kwa wiki anazalisha saa 2,340 kwa mwaka. Mpe likizo ya wiki 4. Mwondolee wiki 2 kwa ajili ya ugonjwa, msiba na kozi. Zinabaki saa 2,070. Gawanya: kiti kimoja kinahitaji watu 4 na robo. Gari lenye viti 5 linahitaji watu 21 au 22, na bado hatujazihesabu sikukuu za taifa.

Tuseme kituo kimepewa 15. Moto haujui kwamba watu ni pungufu, kwa hiyo viti lazima vijazwe, na kila mmoja sasa anatakiwa kufanya zaidi ya saa 63 kwa kila wiki anayokuwa kazini. Hiyo ni ziada ya saa 18 na nusu kwa wiki, sawa na 74 kwa wiki nne. Mmoja akiugua, wengine wanabeba na saa zake. Wa pili akiugua kwa kubeba za wa kwanza, kituo kinaanza kutoa gari lenye watu watatu.

Sasa tazama upande wa fedha. Kama ovataimu ile ingelipwa kwa mara moja na nusu ya malipo ya saa ya kawaida, jumla yake kwa mwaka ingetosha mishahara ya msingi ya watu zaidi ya 8. Pengo la kituo ni watu 6 au 7. Najua ajira mpya ina gharama nyingine: mafunzo, sare, mafao ya uzeeni, bima. Marekani miji mingi husema gharama hizo ndizo zinazoifanya ovataimu ionekane nafuu. Lakini mahali ambapo ovataimu inaonekana nafuu sana kuliko kuajiri, uliza swali moja zaidi: je, inalipwa?

Nchi zilizolitatua tatizo hili zimelitatua kwa watu na ratiba. London ya mwanzoni mwa karne ya 20 ilikuwa na wazimamoto walioishi kituoni na familia zao, kazini karibu muda wote, wakiomba ruhusa kutoka. Leo mfumo uliozoeleka Uingereza ni wa mchana mbili, usiku mbili, kisha siku nne za kupumzika, wastani wa saa 42 kwa wiki. Punguzo la mwisho, kutoka 48 hadi 42, lilikuja baada ya mgomo wa wiki tisa uliovuka mwaka 1977 kuingia 1978. Marekani wamebaki nyuma: sheria yao ya kazi ya mwaka 1938 inaanza kuhesabu ovataimu baada ya saa 40 kwa wiki kwa wafanyakazi wengi, lakini kwa zimamoto inaruhusu hadi saa 212 kwa siku 28, sawa na 53 kwa wiki. Zamu ya saa 24 kazini na 48 nyumbani bado imeenea huko.

Dharura ya kweli na dharura ya kila siku

Tanzania ina sheria nzuri kuliko wengi wanavyojua. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inasema hivi:

- saa za kawaida zisizidi 9 kwa siku na 45 kwa wiki, ndani ya siku 6;
- ovataimu iwe kwa makubaliano, isizidi saa 50 katika wiki nne, na ilipwe mara moja na nusu;
- siku nzima, pamoja na ovataimu, isizidi saa 12;
- kuwe na mapumziko ya saa 12 mfululizo kati ya siku na siku, na ya saa 24 kila wiki;
- kazi ya usiku, kuanzia saa 2 usiku hadi saa 12 asubuhi, iongezewe malipo ya asilimia 5.

Zile saa 74 za kituo chetu cha mfano ziko mbali juu ya 50.

Lakini sheria hiyo ina milango miwili. Kwanza, haiwahusu wanajeshi, polisi, magereza na Jeshi la Kujenga Taifa. Jeshi la Zimamoto na Uokoaji nalo lina sheria yake ya mwaka 2007. Pili, ukomo wa saa unalegezwa kwa kazi ya dharura isiyoweza kufanyika ndani ya saa za kawaida.

Mlango huu wa pili ni wa haki kabisa. Jumamosi ya tarehe 16 Novemba 2024 jengo la ghorofa lilipoporomoka Kariakoo, watu walikuwa hai chini ya kifusi, wengine wakiongea na waokoaji kwa sauti kutoka ndani. Zaidi ya 80 walitolewa. Kazi iliendelea kwa siku kadhaa, usiku na mchana. Hakuna mwenye utu ambaye angesema, "Saa zangu 9 zimeisha." Siku kama ile mtu anatoa alichonacho, na nchi inamshukuru.

Ninachokipinga ni kuigeuza siku ya Kariakoo kuwa ratiba ya mwaka mzima. Nesi anayebakizwa kazini kila Jumatano kwa sababu wa usiku hayupo hayuko kwenye dharura. Upungufu huo ulijulikana tangu bajeti ilipopitishwa. Dereva wa gari la wagonjwa ambaye wilaya nzima inamtegemea yeye peke yake, Jumatatu hadi Jumatatu, hayuko kwenye dharura pia. Neno la dharura linapotumika kila wiki, linawafunga midomo watu ambao wito wao wenyewe unawafanya waone haya kukataa. Nani atakataa, na mgonjwa yuko mlangoni?

*Kwa ufupi: saa za ziada zimewekwa kwa ajili ya tukio lisilotarajiwa. Zikiwa ndiyo njia ya kawaida ya kujaza zamu, ni upungufu wa watumishi uliopewa jina jingine.*

Mbona wenyewe wanazitaka?

Msomaji makini atanisimamisha hapa. Atasema anawajua wanaogombania ovataimu. Ni kweli. Mshahara ukiwa haufiki tarehe 20, saa za ziada ndiyo ada ya mtoto, ndiyo kodi ya nyumba. Posho ya kuitwa kazini ilikuwa miongoni mwa madai ya madaktari wa Tanzania kwenye mgomo wa mwaka 2012. Ukizikata saa bila kugusa mshahara, umemwondolea mtu usingizi wa aina nyingine. Atatoka zamu asubuhi, apitie kibarua cha pili kwenye zahanati ya mtu binafsi, na usiku atarudi kwako amechoka vilevile, safari hii bila wewe kujua.

Kwa hiyo kupunguza saa na kupandisha mshahara wa msingi ni jambo moja. Anayeahidi la kwanza bila la pili hajawahi kukaa na mke au mume wa mtu wa zamu akamsikiliza.

Wanawake wanaumia zaidi kwenye jambo hili. Zamu ya usiku inapomalizika saa 1 asubuhi, askari au nesi wa kike mara nyingi anaanza zamu nyingine nyumbani: chai, watoto, nguo, mgeni. Usingizi wake wa mchana ndio wa kwanza kuazimwa. Sheria ileile ya 2004 inamkinga mjamzito asilazimishwe kazi ya usiku katika miezi miwili kabla ya tarehe anayotarajia kujifungua, na mama kwa miezi miwili baada ya kujifungua. Ni kinga ndogo, lakini ipo, na wengi hawaidai kwa sababu hawaijui.

Yasiyosubiri bajeti

Kuajiri kunachukua muda. Hata hivyo mkuu wa kituo au mganga mfawidhi ana mambo anayoweza kuyaanza wiki hii:

1. Aliyekesha asiendeshe. Dereva aliyemaliza zamu ya saa 24 apelekwe nyumbani, na gari la dharura alishike aliyepumzika.
2. Zamu zizunguke kufuata jua: asubuhi, kisha jioni, kisha usiku. Mwili huchelewesha usingizi kwa urahisi kuliko kuuwahisha.
3. Kulala kidogo kabla na katikati ya zamu ya usiku kuwe ruhusa rasmi yenye chumba, badala ya kosa la kuvizia. Dakika 20 hadi 30 husaidia.
4. Makabidhiano yaandikwe. Aliyechoka husahau kutaja dawa iliyokwisha kutolewa au mtungi uliobaki nusu.
5. Saa halisi za kila mtu ziandikwe kila siku, zilizolipwa na zisizolipwa. Bila daftari hilo hakuna atakayeshinda hoja ya ajira mpya mbele ya wizara.

La tano ndilo ninalolisisitiza kuliko yote. Nimeona malalamiko mengi ya uchovu yakipotea hewani kwa sababu hayakuwa na tarakimu. Orodha ya saa kwa miezi mitatu, yenye majina na sahihi, ni vigumu kuitupa kapuni.

Nawe msomaji una sehemu yako. Baraza la madiwani au Bunge litakapotangaza gari jipya la zimamoto au la wagonjwa, na picha zikapigwa, uliza limekuja na watu wangapi kwa kila kiti. Jibu likiwa chini ya wanne, gari hilo litaendeshwa na watu waliokesha. Na namba 114 ya zimamoto usimpe mtoto aichezee. Kila simu ya mzaha usiku inamwamsha mtu ambaye huenda, baada ya nusu saa, atahitajika kwako.